Tathmini ya kozi ya teknolojia ya muziki jijini Dodoma: ilimba, kompyuta na miezi mitano ya binti yangu

Binti yangu alimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, na kama wazazi wengi nilibaki najiuliza atashughulika na nini katika miezi ile mirefu kabla ya kidato cha tano kufunguliwa Julai. Baadhi ya wenzake walijiandikisha kozi za kompyuta na Kiingereza, wengine wakaanza masomo ya awali ya tahasusi walizotarajia kupangiwa. Yeye aliomba kusoma teknolojia ya muziki katika kituo kidogo cha mafunzo hapa Dodoma, ambacho hupokea vijana waliomaliza kidato cha nne pamoja na wanafunzi wa kidato cha tano na sita walio likizoni. Mimi ni mwalimu wa kwaya kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilikuwa na mashaka na ombi hilo, kwa sababu katika studio nyingi za mitaani nilizowahi kuingia na wanakwaya wangu kijana hufundishwa kubonyeza vitufe kabla ya kufundishwa kusikiliza. Naandika tathmini hii baada ya kozi kumalizika, kwa ajili ya wazazi na vijana wanaofikiria kulipia mafunzo ya aina hii. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimekwisha kuzizungumza na wenyewe ana kwa ana, na baadhi wameanza kuzirekebisha.

Kozi hii inafuata muhtasari wa somo la Teknolojia ya Muziki wa bodi ya mitihani ya Pearson Edexcel ya Uingereza, wa ngazi inayolingana na kidato cha tano na sita kwetu, ambao ulianza kufundishwa huko mwaka 2017. Muhtasari huo una sehemu nne. Ya kwanza ni kurekodi wimbo, nayo ina asilimia 20 ya alama zote; ya pili ni kutunga muziki kwa kutumia teknolojia, asilimia 20; ya tatu ni kusikiliza na kuchambua, asilimia 25; na ya nne, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kutengeneza sauti kwenye kompyuta na kuichambua kwa maandishi, asilimia 35. Nilipoziona hesabu hizo nilipata moyo, kwa sababu asilimia 60 ya alama inatoka katika mitihani miwili inayomtaka mwanafunzi atumie masikio na aeleze kwa maneno yake kilichofanyika na sababu yake. Kijana anayejua kubonyeza tu hawezi kufaulu mitihani hiyo.

Hata hivyo, mzazi anapaswa kufahamu tangu mwanzo kwamba kituo hiki hakisajili watahiniwa. Mwanafunzi anasoma kwa kufuata muhtasari, anafanya kazi zake, anapewa cheti cha kituo cha kuhudhuria, basi. Hapati matokeo ya Uingereza, wala cheti hicho hakichukui nafasi ya somo lolote katika mtihani wa kidato cha sita wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Tulielezwa jambo hili kwa uwazi siku ya kujiandikisha, na ninawashukuru kwa hilo, maana wapo wazazi wawili niliowasikia siku hiyo wakiuliza kama mtoto akimaliza hapo anaweza kuruka kidato cha tano.

Ada ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi, kwa siku tatu za wiki, saa nne kila siku. Darasa lilikuwa na vijana wanane. Naiona kuwa ada ya haki kwa kazi iliyofanyika, ingawa si kila familia itaimudu.

Wiki ya kwanza hawakugusa kompyuta kabisa. Mwalimu aliwaingiza katika chumba cha kurekodia kikiwa kitupu, akawaambia wapige makofi wakiwa katikati, kisha kwenye kona, kisha karibu na mlango, na kila mmoja aandike anachosikia. Binti yangu alirudi nyumbani akaanza kupiga makofi sebuleni, jikoni na stoo, na mama yake akashangaa. Baada ya zoezi hilo ndipo walipofundishwa sababu. Mtetemo wa sauti nene, tuseme mitetemo 100 kwa sekunde, hutengeneza wimbi lenye urefu wa karibu mita 3.4 hewani, na wimbi la ukubwa huo halishtuki kwa kitu chembamba kilichobandikwa ukutani. Kwa maneno mengine, trei za mayai ambazo zimejaa katika kuta za studio zetu hazizuii sauti kutoka wala kuingia. Hupunguza kidogo tu ukali wa sauti nyembamba, na chumba kinabaki na mngurumo wake wa chini kama kilivyokuwa. Kituo hiki kimetumia magodoro ya zamani yaliyosimamishwa kwenye kona yakiachwa mbali kidogo na ukuta, pamoja na mablanketi mazito yaliyoning'inizwa kwenye fremu za mbao. Nilipoingia na kuongea mle ndani nilisikia sauti yangu ikiwa imetulia, bila ule mlio wa debe tupu ambao kwaya yangu imewahi kurekodiwa nao kwa fedha nyingi.

Paa ni la bati, na hilo halina dawa. Kozi ilianza Januari, wakati mvua za Dodoma zimekolea, na kila ilipoanza kunyesha kurekodi kulisimama. Mwalimu aliutumia muda huo kwa somo la kusikiliza kwa hedifoni, na nadhani ndiyo sababu darasa lile lilikuwa imara zaidi katika sehemu hiyo kuliko nyingine.

Somo la kusikiliza linafuata historia ya kurekodi, kuanzia enzi za kunasa bendi nzima kwa mara moja kwenye mkondo mmoja wa sauti, kupita mashine za tepu zilizowezesha kila ala kurekodiwa kwenye mkondo wake, hadi kompyuta ya leo. Mifano ya muhtasari ni ya Uingereza na Marekani, lakini mwalimu alikuwa na busara ya kuwaletea pia nyimbo za bendi zetu za dansi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, akawauliza: mwimbaji yuko karibu na maikrofoni au mbali? Gitaa la pili liko upande gani? Kwa nini ngoma haisikiki nene kama katika nyimbo za sasa? Binti yangu, ambaye alikuwa akiziita nyimbo hizo za wazee, alianza kuniuliza mimi maswali. Aligundua kwamba zamani kumsogeza mpiga tarumbeta hatua mbili nyuma ndiko kulikokuwa kurekebisha uwiano wa sauti, kwa kuwa ukishanasa huwezi tena kumpunguza. Maarifa hayo nimeyapeleka moja kwa moja kwenye kwaya. Sasa soprano wangu wanasimama mbali na maikrofoni kuliko besi, na sijutii.

Sehemu ninayotaka kuieleza kwa kirefu ni ile ya kurekodi ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma, kwa sababu hapo ndipo nilipouona ubora wa kozi hii na pia udhaifu wake mkubwa.

Muhtasari unadai wimbo wa kurekodi wenye ala kadhaa zilizonaswa kwa maikrofoni, na kituo kiliamua kwamba moja ya ala za darasa iwe ilimba ya Wagogo. Wakamwalika mzee mmoja fundi wa ala hiyo kutoka upande wa Chamwino. Siku hiyo niliomba ruhusa kuhudhuria. Mzee aliingia, wakasalimiana kwa Kigogo, mbukwa kwa mbukwa, akaketi kwenye kigoda na kuweka sanduku la ilimba mapajani. Kwa wasioijua, ni sanduku la mbao lenye vijiti bapa vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, na juu yake kuna matundu madogo yaliyozibwa kwa utando mweupe unaotolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Ule utando hutetemeka kila kijiti kinapolia, na hutoa mlio wa kuzizima, mithili ya nyuki walio mbali, unaoifunika sauti ya chuma.

Vijana waliweka maikrofoni mbili, moja sentimita 30 mbele ya matundu na nyingine juu ya vidole vya mzee. Wakarekodi mara tatu. Kisha mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akaona mlio ule kwenye kompyuta, akaudhani ni kelele ya waya, akatumia kifaa cha programu cha kuondoa kelele. Kifaa hicho hufanya kazi kwa kuonyeshwa kipande cha kelele, kukipima kina mitetemo gani, na kuipunguza mitetemo hiyo katika wimbo mzima. Kilifanya kazi yake vizuri mno. Ilimba ikatoka safi, kama kinanda cha watoto. Mzee akavalishwa hedifoni. Alisikiliza kwa muda wa ubeti mmoja, akazivua taratibu, akasema, "Mmeiua, wajukuu zangu. Buibui yuko wapi?"

Chumba kilikuwa kimya. Mwalimu hakumkaripia kijana yule, jambo ambalo lilinipendeza. Aliwaamuru warudishe sauti kama ilivyokuwa, wasikilize mara mbili kwa macho yaliyofumbwa, kisha kila mmoja aandike ukurasa mmoja kueleza tofauti kati ya kelele na sauti ya ala. Binti yangu aliandika kwamba kelele ni kile ambacho mpigaji hakukikusudia, na kwa hiyo fundi mitambo hawezi kujua kelele ni ipi kabla hajazungumza na mpigaji. Nimeuhifadhi ukurasa huo. Mwalimu akawasikilizisha pia rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa ilimba na mwana wa mkoa huu huu wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, zilizotolewa na kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza. Mafundi wale wa ng'ambo, wakiwa na mitambo ya gharama kubwa, waliuacha mlio wa ilimba uvume kama ulivyo.

Udhaifu ulikuja wiki iliyofuata. Wimbo ulikuwa na ilimba, zeze, sauti za waimbaji na kinanda cha kompyuta, na ilimba iligongana na kinanda katika noti fulani. Mwalimu, ambaye siku chache kabla alikuwa ametetea mlio wa buibui kwa moyo wake wote, aliwaelekeza vijana wainyooshe ilimba pamoja na sauti za waimbaji kwa programu ya kurekebisha noti, ili zote zifuate kinanda. Programu za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1997 na leo ziko karibu katika kila studio. Kazi yake ni kuisogeza kila noti hadi kwenye noti ya piano iliyo karibu zaidi. Kwa wimbo ulioimbwa katika ngazi ya piano, yaani mpangilio wake wa noti, ni msaada mkubwa. Kwa wimbo wa Kigogo ni hasara, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo.

Ngazi ya Wagogo inafuata sauti za asili za hamoniki, yaani zile sauti zinazopatikana mtetemo mmoja wa msingi unapozidishwa kwa namba nzima. Tukichukua msingi wa mitetemo 100 kwa sekunde, tunapata 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Sasa linganisha na piano iliyoanzia kwenye 400 ile ile. Piano itatoa 504 mahali pa 500, 599 mahali pa 600, na 898 mahali pa 900. Tofauti hizo ni ndogo na sikio linaweza kuzisamehe. Lakini mahali pa 700 piano inatoa karibu 713. Kwa kipimo cha wanamuziki, ambapo nusu toni moja, yaani hatua kutoka kibonyezo kimoja cha piano hadi kinachofuata, ina senti 100, hiyo ni tofauti ya senti 31, karibu theluthi moja ya nusu toni. Mgogo anayeimba noti hiyo hajakosea wala hajateleza. Ameifikia sawasawa na inavyotakiwa katika ngazi yake, na ndiyo noti inayoufanya wimbo utambulike kuwa wa Kigogo tangu mstari wa kwanza. Programu ikiipandisha, waimbaji wanageuka kuwa wageni katika wimbo wao wenyewe.

Nilimweleza mwalimu hayo kwa heshima, na mwanzoni alinijibu kwamba muhtasari unahesabu usahihi wa noti na mtahini akisikia mgongano atakata alama. Nilielewa hofu yake, lakini sikukubaliana nayo. Muhtasari huo huo unawafundisha vijana usanisi wa sauti, yaani kuunda sauti kwa mitambo, na kinanda cha kompyuta si kinanda cha mbao. Noti yake moja inaweza kushushwa kwa senti yoyote unayotaka. Binti yangu na mwenzake mmoja ndio waliopata njia hiyo. Walitafuta katika mipangilio ya kinanda, wakaishusha noti ile kwa senti 31, nyingine wakaziacha, na kinanda kikaketi na ilimba bila ugomvi. Mwalimu alisikiliza, akakubali mbele ya darasa zima kwamba njia hiyo ni bora kuliko yake, na somo lililofuata likawa juu ya jambo hilo. Namheshimu kwa kukubali. Hata hivyo ningependa kituo kiliingize somo hilo katika ratiba rasmi, lisitegemee bahati ya kuwa na mzazi mwalimu wa kwaya darasani, kwa sababu ukifundisha kurekodi Dodoma utakutana na ngazi hiyo kila mwezi.

Katika sehemu ya kutunga, muhtasari unataka kazi ya dakika tatu inayotumia usanisi na sampuli za sauti, yaani vipande vya sauti zilizorekodiwa. Binti yangu alichukua sampuli za ngoma za muheme, zile ambazo akina mama wa Kigogo huzibana kati ya miguu wakizipiga kwa mikono, baada ya kuwaomba ruhusa wapigaji na kuwaeleza zitatumikaje. Alijifunza huko jambo jingine la maana. Ukiandika mapigo ya ngoma kwa mfumo wa midi, lugha ya namba inayoiambia kompyuta noti ipi ipigwe na kwa nguvu gani, ambao viwanda vya ala vilikubaliana kuutumia tangu mwaka 1983, nguvu ya kila pigo huandikwa kwa namba isiyozidi 127. Wanafunzi wavivu huacha mapigo yote kwenye namba moja, na ngoma inasikika kama nyundo ya mtu anayejenga banda. Yeye alikaa siku mbili akisikiliza rekodi ya akina mama na kuandika namba pigo kwa pigo. Kazi hiyo ninaisikiliza mara kwa mara, na sioni aibu kusema kwamba inanitoa machozi.

Kasoro nyingine nitazitaja kwa ufupi. Kompyuta ya mezani ya kurekodia haikuwa na UPS, kile kifaa cha betri kinachoiwasha kwa muda umeme unapokatika. Mwezi Machi umeme ulikatika katikati ya kazi, na zeze pamoja na sauti mbili za waimbaji zikapotea kwa kuwa hakuna aliyekuwa amehifadhi. Mpiga zeze alikuwa amesafiri kutoka mbali na hakuweza kurudi wiki hiyo. Hilo halikubaliki katika kituo kinachotoza ada. Hedifoni zilikuwa nne kwa wanafunzi wanane, hivyo somo la kusikiliza lilifanyika kwa zamu na nusu ya darasa ilikaa bila kazi. Maikrofoni ya kondensa, aina inayohitaji umeme wa volti 48 kupitia waya wake, ilikuwa moja tu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza vyote. Binti yangu aliweza kuvisoma, ila wapo waliobaki nyuma hadi walipotafsiriwa kwa mdomo, na ningeshauri mwalimu aandike angalau kijitabu cha istilahi kwa Kiswahili, kwa kuwa maneno yenyewe anayo na huyatumia vizuri anapofundisha.

Kwa kijana anayetaka kutengeneza biti mbili tatu ili aanze kujiita prodyuza mwezi ujao, kozi hii itamchosha, na ni afadhali familia yake isitoe fedha. Kwa anayependa fizikia, au anayeimba kwaya, au anayetaka kurekodi muziki wa nyumbani kwao bila kuuharibu, naipendekeza bila kusita. Binti yangu amepangiwa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, na ameondoka wiki iliyopita. Aliniambia kwa simu kwamba mada ya mawimbi haimtishi, maana ameyasikia kwa masikio kabla ya kuyaona ubaoni.

Mdogo wake anamaliza kidato cha nne mwaka huu, na nimekwenda kumwekea nafasi ya Januari. Nimelipa nusu ya ada. Nusu iliyobaki nimekubaliana na mkuu wa kituo kwamba nitaileta siku nitakayoiona UPS iko chini ya meza na somo la ngazi ya Wagogo limeandikwa kwenye ratiba ya mwezi wa pili.